Bawabu, Nyumba na Jina: Mjadala wa Kitale

Katika miezi ya mvua, barabara zinazopanda kutoka Kitale kwenda Endebess, na zile zinazopanda kutoka Kimilili kwenda Kapsokwony, hugeuka tope la kunata, na fundi wa kompyuta aliyeitwa na zahanati iliyo juu huko kwa sababu mashine yake imekataa kumtambua karani wake huwa na njia mbili tu za kuifikia: ama apande bodaboda na kuomba salama, ama akae mjini na kuingia katika mashine ile kutoka mbali, kwa njia ya mtandao, kana kwamba ameketi mbele yake. Njia hii ya pili ni neema isiyokanika. Walakini mlango aupitao fundi mwema ndio huo huo autamanio mwizi, na nyuma ya mlango ule, katika sanduku dogo lililowekwa juu ya kabati chumbani mwa karani, zimelala siri za maradhi, uzazi na mauti ya watu wa kata nzima.

Upande wetu huu haukuanza jana kuweka siri hizo katika mashine. Mosoriot, njiani baina ya Eldoret na Kapsabet, kituo cha afya kilianza kuandika habari za wagonjwa katika kompyuta mwaka wa 2001. Mwaka wa 2004 ikaanza kazi ya kuusanifu mfumo uitwao OpenMRS, na mwezi wa Februari 2006 mfumo huo ukaanza kutumika Eldoret chini ya AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, ushirika ambao kliniki zake zimefika Kitale na Webuye. KenyaEMR, mfumo uliosambazwa baadaye katika vituo vya serikali, umejengwa juu ya msingi huo huo. Basi tunapozungumza juu ya nyumba za watumiaji ndani ya kompyuta, na juu ya nani aingie na kwa jina gani, tunazungumza juu ya jirani zetu wenyewe.

Jumamosi moja adhuhuri, mvua ikiwa imekatika kwa muda, tuliketi watu watano chini ya mti katika ua wa makumbusho ya Kitale. Alikuwapo Fundi, kijana wa Bungoma anayetunza mashine za zahanati kadhaa na za ushirika mmoja wa wakulima wa mahindi. Alikuwapo Mwalimu, anayefundisha elimu ya kompyuta chuoni. Alikuwapo Karani, mama ambaye ameshika daftari za wagonjwa tangu zilipokuwa za karatasi. Na alikuwapo Mzee, aliyekuwa mkalimani wa mahakama kwa umri wake wote wa kazi, na ambaye hakuwahi kumiliki kompyuta, ila anajua zaidi yetu sote maana ya ushahidi. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Nayaandika maneno yao kadiri nilivyoyashika, na pale nitakapokuwa na rai yangu sitaificha.

FUNDI: Mimi nitasema kwanza, kwa kuwa najua kwamba mimi ndiye mshtakiwa. Katika kila mashine ninayoitunza nimefungua nyumba moja ya utawala, yenye jina moja na nenosiri moja, na mimi na wenzangu wawili tunalijua. Usiku wa manane nikipigiwa simu kwamba mashine ya Kapsokwony imezimika, yeyote baina yetu aliye macho huingia na kuiamsha. Lau kila mmoja angekuwa na nyumba yake, jina lake na ufunguo wake katika mashine zote hizo, tungetumia siku zetu kufungua nyumba na kufunga nyumba. Maadamu mlango una kufuli, na kufuli ni madhubuti, ya nini wingi wa majina?

KARANI: Mwanangu, sikushtaki, maana mkono wako umeniokoa mara nyingi. Lakini nisikilize. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho jina lake nitalisitiri, habari za mama mmoja mjamzito zilijulikana sokoni kabla hazijajulikana na mumewe. Tuliitwa watumishi wote ofisini. Kumbukumbu za mashine zikafunguliwa. Zikaonyesha siku, na saa, na dakika ambayo faili la mama yule lilisomwa, zikaonyesha na jina la aliyeingia. Jina lile lilikuwa letu sote. Watu sita tulikuwa tukiingia kwa jina moja, na nenosiri lilikuwa limebandikwa kwa utepe pembeni mwa kioo. Basi wote sita tukatoka tukiwa wakosaji, na wote sita tukatoka tukiwa watakatifu, na mama yule akahama.

MZEE: Nimekaa miaka mingi baina ya hakimu na mshitakiwa, nikiyavusha maneno ya huyu kwa yule, na nawaambia kwamba shahidi asiye na jina hakuapishwa hata siku moja. Hati isiyo na mwenyewe haikupokelewa. Fundi, mashine yako ina kumbukumbu iliyo bora kuliko ya mwanadamu, nawe umeifanya bubu kwa kuipa jina moja la watu watatu.

Hapa Fundi alinyamaza kidogo, na Mwalimu, ambaye hawezi kuona kimya bila kukijaza kwa somo, akachukua zamu.

MWALIMU: Tuanze na jina, kwa sababu jina ndilo asili ya mambo yote haya. Nendeni Chwele siku ya soko, msimame katikati, mwite «Wafula!» Vichwa vingapi vitageuka? Katika Bungoma kila mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, kama kila aliyezaliwa wakati wa mavuno ni Wekesa, na wa kiangazi ni Simiyu. Lakini mama aliye jikoni mwake akiita «Wafula!» anaitikiwa na mtoto mmoja, naye ndiye aliyemtaka. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni mipaka ambayo ndani yake jina lile lilitamkwa. Mipaka hiyo ndiyo wanazuoni wa mifumo ya uendeshaji wanayoiita uwanja wa majina. Saraka ya nyumbani, yaani nyumba apewayo kila mtumiaji ndani ya mashine, ni uwanja mmojawapo wa kale: karani ana faili liitwalo «barua» nyumbani mwake, fundi ana faili liitwalo «barua» nyumbani mwake, na barua hizi mbili hazigombani.

MZEE: Na nyumba hizo, je, zina milango?

MWALIMU: Zina milango, lakini swali la haki ni kama imefungwa. Unix, mfumo ambao Linux ya seva zetu inaufuata, ulianzishwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie, na ulikuwa mfumo wa wenzi waliofanya kazi pamoja. Kila faili lilipewa hukumu tatu: ya mwenyewe, ya kundi lake, na ya watu wengine wote, na desturi ilikuwa kumwachia jirani asome, maana jirani alikuwa mwenzi. Desturi hiyo iliishi muda mrefu kuliko sababu yake. Ubuntu, aina ya Linux ambayo wengi wetu tumeiweka katika seva, tangu ilipotolewa mwaka wa 2004 iliacha nyumba ya kila mtumiaji ikiweza kusomwa na watumiaji wote wa mashine ile, mpaka toleo la Aprili 2021 ndipo nyumba mpya zikaanza kujengwa zikiwa zimefungwa kwa wasiohusika.

KARANI: Miaka kumi na saba!

MWALIMU: Takriban miaka kumi na saba, Mama. Na seva iliyowekwa kabla ya hapo, hata ikiisha kuhuishwa, nyumba zake za zamani hubaki na milango ile ile, mpaka mtu azipitie moja moja.

Nataka nikiri hapa kwamba nilipofika nyumbani usiku ule niliwasha kompyuta yangu na kutazama, na nyumba yangu ilikuwa wazi.

FUNDI: Haya, nakubali kwamba kila mtu awe na nyumba yake na mlango wake. Lakini Mwalimu, wewe huzungumza kana kwamba jirani wa kuogopwa ni mtu. Katika seva ya zahanati watu ni wachache. Walio wengi ni watumishi wasio na mwili. Kuna programu inayohifadhi rekodi, kuna inayotoa kurasa kwa vioo vya wauguzi, kuna inayotuma ripoti, kuna inayochapisha. Hao ndio wanaokaa humo usiku na mchana, na mmoja wao akitekwa na mwizi, huzunguka mashine nzima akibisha kila mlango.

MWALIMU: Umenena, na ndiyo maana uwanja wa majina haukuishia katika nyumba za watu. Mzee wetu, unazijua pango za Elgon?

MZEE: Baba yangu alinionyesha. Wasabaoti walikaa humo na ng'ombe wao. Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka wa 1883 aliwakuta watu na mifugo ndani ya mlima.

MWALIMU: Basi fikiri juu ya pango moja kubwa ambalo kila jamaa ya ndani, ikitazama, inaona jiko lake, maji yake na mlango wake tu, na ikisema «jiko» haimaanishi jiko la jirani, wala haijui kwamba jirani yupo. Fikra hiyo ilitimizwa kwa ukamilifu katika mfumo wa Plan 9, uliotungwa katika maabara zile zile za Bell mwishoni mwa miaka ya 1980: kila programu ilipewa mandhari yake ya majina, na lisiloonekana katika mandhari yake, kwayo halipo. Linux iliianza njia hiyo mwaka wa 2002 kwa mandhari ya saraka, na mwaka wa 2013 ikakamilisha uwanja wa majina ya watumiaji, ambao ni wa ajabu kuliko yote, kwa kuwa humo mtu anaweza kuwa sultani mwenye amri zote ndani ya ua wake, ilhali akivuka kizingiti ni raia wa kawaida asiye na amri hata juu ya faili la jirani. Leo, kwa mstari mmoja katika maelezo ya programu ya kuchapisha, Fundi anaweza kuamuru kwamba programu ile ikitazama mahali zilipo nyumba za watu ione pahali patupu. Wala haikatazwi kuingia, inaona patupu. Na ile saraka ya faili za muda, iliyokuwa soko la wote, ambapo kila programu ilitupa karatasi zake na kila mpekuzi aliziokota, kila programu inaweza kupewa yake, kwa jina lile lile.

Nilitaka kumkatiza hapa, kwa kuwa naona Mwalimu aliyapenda mno maumbo ya jambo hili hata akausahau udhaifu wake, lakini Fundi alinitangulia.

FUNDI: Mwalimu, ua huo unajengwa na nani? Na kiini cha mfumo, kimoja, kile kile kinachowahudumia wote walio pangoni. Kiini kikiwa na ufa, kuta zote za ndani ni kivuli. Na uwanja huo wa majina ya watumiaji, kwa kuwa unamfanya mtu wa kawaida ajione sultani, umemfungulia njia za ndani ya kiini ambazo zamani hakuweza kuzigusa, na nyufa kadhaa zilipatikana kwa njia hiyo, hata Ubuntu ya mwaka wa 2024 ikaamua kwamba si kila programu iruhusiwe kujijengea ua kama huo. Mimi huzijenga kuta hizo, na naziamini kama nionavyo ua wa miiba: unamchelewesha mwizi na kumchana, na kwa kuchelewa kwake unapata kuamka.

MZEE: Hivyo ndivyo walivyosema waliojenga ngome. Wabukusu walizungushia vijiji vyao kuta za udongo na handaki, wakaziita chingoba, na mlango ulikuwa mwembamba, na mwenye kulinda mlango aliwajua wote kwa nyuso. Mwaka wa 1895 Hobley, ofisa wa Waingereza, alipokuja na askari wake juu ya Lumboka, kisha juu ya Chetambe huko Webuye, alikuja na bunduki ya mzinga. Ukuta uliojengwa kwa ajili ya mkuki haukuulizwa kuhusu mzinga. Lakini hamjaniambia habari za mlango wenu. Huyu anayeingia kutoka mbali, akiwa Bungoma na mashine ikiwa Kapsokwony, mlinzi anamjuaje uso?

Hili ndilo swali lililotukalisha hadi alasiri, na katika kulijibu Fundi alikuwa mwalimu na Mwalimu akawa msikilizaji, kwa sababu elimu ya mlango wa mbali aghalabu iko mikononi mwa waliowahi kuamshwa nao usiku.

FUNDI: Zamani, Mzee wetu, hakuwa na uso. Mtu alituma jina na nenosiri lake wazi mtandaoni, na yeyote aliyekaa njiani aliweza kulisoma kama mtu asomaye kadi ya posta. Palikuwa na njia nyingine mbaya zaidi: mtu aliweka nyumbani mwake karatasi ya majina ya mashine anazoziamini, na yeyote aliyetoka katika mashine hizo kwa jina lililoandikwa humo aliingia bila kuulizwa neno.

MWALIMU: Na matokeo yake yameandikwa katika tarehe. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine, na miongoni mwa njia zake ilikuwa kuzisoma karatasi hizo za uaminifu katika nyumba za watu na kuzifuata, na kubahatisha nenosiri zilizo dhaifu. Baba yake, ambaye pia aliitwa Robert Morris, ndiye aliyeandika pamoja na Ken Thompson, mwaka wa 1979, makala juu ya usalama wa nenosiri katika Unix, akionya jinsi watu wanavyochagua maneno mepesi. Baba alionya, na miaka tisa baadaye mwana akathibitisha.

FUNDI: Ndipo mwaka wa 1995 Tatu Ylönen, wa chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, baada ya nenosiri kuibwa katika mtandao wa chuo chake, akatunga SSH. Mimi humwita bawabu. Mgeni na bawabu hupatana kwanza kwa lugha ya siri ambayo aliye njiani haielewi, kisha ndipo mgeni ajitambulishe, na uso wake, Mzee, ni ufunguo wa jozi. Nusu moja ni ya siri, haitoki mikononi mwa mwenyewe. Nusu ya pili ni ya dhahiri, amepewa bawabu. Bawabu hutaka ithibati, mwenye nusu ya siri huitia sahihi, na bawabu huitambua sahihi kwa nusu aliyo nayo, bila siri yenyewe kusafiri hata hatua moja. Na mashine yenyewe pia ina uso wake, ili mgeni asijitambulishe kwa bawabu wa bandia.

KARANI: Na uso huo wa mashine unautazama?

FUNDI: Mama, sitakudanganya. Mara ya kwanza mashine inaniuliza, «Je, unautambua uso huu?» nami huandika ndiyo, bila kutazama.

KARANI: Basi tangu leo utanipigia simu, nami nitakusomea alama za uso wake hapa kwenye kioo, herufi kwa herufi.

Nukta ndogo ambayo Fundi aliieleza hapo iliniingia moyoni kuliko zote, nami nitaieleza kwa maneno yangu. Nusu za dhahiri za funguo, kwa desturi, huandikwa katika faili lililo ndani ya nyumba ya mtumiaji. Bawabu wa SSH, kabla ya kuliamini faili hilo, huikagua nyumba yenyewe: akiona kwamba mtu mwingine asiye mwenye nyumba ana ruhusa ya kuandika humo, hulikataa faili lote, na mgeni aliye na ufunguo halali huachwa nje. Hoja yake ni ya insafu. Mtu ambaye jirani anaweza kumwandikia wageni katika daftari lake, daftari lake si ushahidi. Mara ngapi mafundi wetu, waliochoshwa na ruhusa, wameamuru nyumba nzima iwe wazi kwa kusoma na kuandika kwa wote, kisha wakashangaa bawabu kuwafungia nje, na wakamlaumu bawabu!

MZEE: Na bawabu mwenyewe, ni mwaminifu?

FUNDI: Swali hilo lilikaribia kupata jibu baya mwaka wa 2024. Palikuwa na programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, ambayo katika baadhi ya mifumo bawabu huishika mkono bila yeye mwenyewe kuwa na haja nayo. Mtu aliyejipatia uaminifu wa mtunzaji wake kwa muda wa miaka, kwa jina la kubuni, akatia ndani yake mlango wa siri, na kwa mkono ule ule akamfikia bawabu. Aliyegundua ni Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata, kwa sababu tu aliona kuingia kwa SSH kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, na hakukubali kuipuuza. Akatangaza tarehe 29 Machi, kabla sumu haijaenea katika matoleo makuu. Tangu siku hiyo mimi nikiona mashine inasita, sisemi ni mtandao wa simu.

Kwa hiyo hadi hapo tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mtu awe na jina lake, na nyumba yake iliyofungwa, na ufunguo wake wa jozi, na kwamba nenosiri la pamoja litolewe kwenye utepe na kwenye mlango. Walakini Karani hakuridhika. Alitaka jambo moja zaidi, na jambo hilo ndilo lililogawanya kikao.

KARANI: Mnasema nyumba imefungwa. Imefungwa kwa nani? Seva yetu ni sanduku la kubebwa chini ya kwapa. Mwizi akiingia usiku akalichukua, akaichomoa diski na kuisoma katika mashine yake, ruhusa zenu zote zimekwisha, kwa kuwa msomaji ni yeye na sultani ni yeye. Na wewe Fundi mwenyewe, kwa kuwa una amri kuu, waweza kusoma nyumba yangu nikiwa nimelala. Nataka nyumba ambayo nikitoka imesimbwa kwa siri yangu, hata wewe usiweze.

MWALIMU: Mama anataka kitu kilichopo. Lennart Poettering na wenzake wa systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, walikitoa mwaka wa 2020: nyumba ya mtumiaji huwa kasha moja lililosimbwa, na nenosiri la mwenyewe ndilo linalolifungua, akiondoka linafungwa tena.

FUNDI: Nami nimekijaribu, na nitawaambia kilichonipata. Kwanza, mlango wa mbali. Nusu za dhahiri za funguo ziko ndani ya nyumba, nyumba imefungwa, bawabu anataka kuzisoma ili aamue kama aifungue. Umeweka orodha ya wageni ndani ya sanduku, ufunguo wa sanduku anao mgeni, na mgeni yuko nje. Kweli, orodha ile inaweza kuwekwa langoni, nje ya nyumba, lakini hata hivyo ufunguo wa SSH humthibitisha mgeni tu, haulisimbui kasha, na kwa miaka kadhaa mtu wa mbali hakuweza kuingia nyumbani mwake ila awe ameifungua mwanzo akiwa pale pale. Njia ya kuulizwa nenosiri la kasha kwa SSH ilikuja mwaka wa 2024. Pili, nakala za akiba. Mashine yangu hunakili kila kitu saa nane usiku. Saa nane usiku Mama amelala na nyumba yake imefungwa.

Mimi mwenyewe ni shahidi wa hilo la pili, nikiwa mjumbe katika kamati ya zahanati moja ambayo pia nitalisitiri jina lake. Karani wetu, kijana mwangalifu kuliko wote, aliisimba nyumba yake kwa hiari, tukamsifu. Kisha akahamishwa kwa ghafula kwenda kaunti ya mbali, na baada ya siku mbili ikabainika kwamba orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu na tarehe zao za kurudi kuchukua dawa, ambayo aliiandaa kwa bidii yake mwenyewe katika jedwali lake, ilikuwa nyumbani mwake na si kwingine. Simu yake haikupatikana kwa majuma matatu. Muuguzi alikaa na daftari kuukuu la karatasi, akiwatafuta wagonjwa kwa kumbukumbu ya moyo na kwa kuuliza wajumbe wa vijiji. Dawa za maradhi yale hazipendi kukatizwa. Hatukuwa na wa kumlaumu, maana kijana alitimiza kila tulichomwagiza, na mashine ilitimiza kila ilichoahidi.

KARANI: Basi mnaniambia niache nyumba yangu wazi kwa ajili hiyo?

MZEE: Hapana, binti yangu. Nakwambia kwamba orodha ile haikuwa yake. Mahakamani, karani alikuwa na droo yake, humo ameweka barua za mkewe na miwani yake, na droo ile hakimu mwenyewe hakuifungua. Lakini faili la kesi halikulala katika droo, hata usiku mmoja. Lilirudi masjala, likaandikwa limerudi. Ninyi mmejenga nyumba nzuri za watu mkasahau kujenga masjala, kisha mnabishana kama nyumba zifungwe au zisifungwe.

Nadhani hapo ndipo ilipokuwa roho ya mjadala wote, na naliunga mkono neno la Mzee kwa nguvu zangu zote. Ugomvi wa Fundi na Karani ulitokana na kuitaka nyumba moja iwe na sifa mbili zinazopingana: iwe sitara ya mtu, isiyofunguka pasipo yeye, na iwe hazina ya umma, inayofunguka hata akifa. Mfumo wa uendeshaji haukutuamuru hivyo. Unaijua tofauti baina ya nyumba za watu na mahali pa watumishi, na umepatenga tangu zamani. Programu ya rekodi ina pahali pake, jina lake na hukumu zake, na pahali pake panaweza kusimbwa pia, kwa ufunguo ulio amana ya kituo na unaofunguliwa mashine inapowaka, ili diski iliyoibwa iwe kipande cha chuma tu. Aliyeichanganya nyumba na masjala ni sisi, kwa sababu ni rahisi kuhifadhi faili pale kidole kilipo.

FUNDI: Nikikubali hivyo, basi kazi yangu inageuka yote. Nyumba za watu sizinakili. Wanakili wenyewe wakitaka. Masjala naitunza mimi, nainakili usiku. Kila mmoja wetu watatu anapata jina lake na ufunguo wake, na nusu za dhahiri naziweka langoni, si nyumbani, ili aondokapo mwenzetu mmoja nifute mstari mmoja na asirudi. Na tukihitaji amri kuu, tunaiomba kwa jina letu, mashine iandike nani aliiomba na saa ngapi.

MWALIMU: Na mlango wenyewe usikae wazi kwa ulimwengu. Mashine za zahanati hutumia mtandao wa simu, hazina anwani ya kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Ziache mashine zenyewe zipige hodi kwenu Bungoma, ninyi mpite katika njia iliyofunguliwa kutoka ndani.

KARANI: Na inayofunguliwa nikibonyeza mimi.

FUNDI: Usiku wa manane, Mama?

Hawakupatana juu ya hilo. Karani alishikilia kwamba sheria yetu ya ulinzi wa data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na kwamba siri ikivuja kituo hupewa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na atakayeulizwa kwanza ni yeye na wala si Fundi. Basi mlango usifunguke bila yeye kujua. Fundi alishikilia kwamba mashine iliyozimika usiku haingoji asubuhi, na mama anayejifungua hangoji. Mimi namwelekea Karani, isipokuwa kwamba naona «kujua» si lazima iwe «kubonyeza»: mlango na ufunguke, na papo hapo simu ya Karani ipate ujumbe wenye jina la aliyeingia. Mwalimu alisema ujumbe huo ni mistari michache ya programu, akaahidi kuiandika.

Tulikuwa tunakusanya viti mawingu yalipojikusanya tena juu ya Cherangani, ndipo Mzee akauliza, kwa sauti ya chini, habari ya nyumba ile iliyosimbwa mwenyewe akifa, ikiwa humo mna picha za watoto wake.

Fundi akamweleza kwamba wakati wa kuijenga nyumba mashine inaweza kutoa ufunguo wa akiba, safu ndefu ya herufi za kuandikwa katika karatasi, na kwamba watu wengi huuruka ukurasa huo. Karani akatoa kalamu katika mkoba wake, akamwomba Fundi amwonyeshe ukurasa huo Jumatatu, kabla hajaondoka kwenda Kapsokwony, kwa sababu yeye pia angeuruka, na angependa karatasi hiyo aiweke kwa dada yake wa Kimilili.